Saa nne asubuhi, mbwa ni wa nani?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji. Jumamosi iliyopita gazeti lako lilitoa makala ndefu kuhusu watu wa Dar es Salaam wanaonunua mbwa wakubwa wa mbegu kwa ajili ya ulinzi. Nimeisoma yote, kisha nikairudia. Bei zimetajwa, uzito umetajwa, na picha ya dume la boerboel, mbwa mkubwa wa ulinzi wa asili ya Afrika Kusini, aliyesimama kando ya gari imewekwa kubwa. Wenye mbwa waliohojiwa ni wanaume watupu, na walihojiwa jioni, wamesharudi kutoka kazini. Hakuna aliyeulizwa: saa nne asubuhi, wewe ukiwa kazini, mbwa huyu ni wa nani?

Nauliza kwa uchungu, Mhariri, kwa sababu hata mimi sikujiuliza, na leo mtoto wa jirani yangu ana kovu mkononi.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Goba. Mume wangu ni dereva wa malori yanayokwenda Congo kupitia Tunduma. Akiondoka ni wiki mbili, tatu, au mwezi mzima foleni ya mpakani ikiwa mbaya. Mwaka 2021 akiwa safarini wezi waliingia kwetu usiku. Walikata nondo za dirisha la jikoni, wakachukua televisheni, mtungi wa gesi, na simu yangu iliyokuwa mezani, hatua chache kutoka chumba nilicholala na watoto. Hawakutugusa. Lakini kwa miezi mitatu baada ya hapo sikuweza kufumba macho kabla ya adhana ya alfajiri. Paka akiruka juu ya bati, moyo unanidunda mpaka kooni. Naeleza haya ili msomaji anayefikiria kununua mbwa ajue kwamba simbezi hata kidogo. Hofu ile naijua. Nilipokubali mbwa aletwe nyumbani, nilichokuwa nataka ni kulala tu.

Mume wangu aliporudi safari alikuwa ameshaonyeshwa picha ya kitoto cha boerboel kwenye simu na dereva mwenzake. Akalipa laki nane. Kitoto kililetwa na bodaboda, kimewekwa ndani ya boksi la mafuta ya kula lililotobolewa matundu kwa kisu, kimejikojolea na kinatetemeka. Muuzaji alisema kina wiki nane. Wiki hiyohiyo daktari wa mifugo alikifungua mdomo, akatazama meno, akasema hakijafika hata wiki sita. Hatukumwona mama yake. Hatukufika nyumba aliyozaliwa. Hatukujua baba yake alikuwa na tabia gani. Watoto wakamwita Bosko, wakampenda siku ileile, nami nikampenda.

Leo ninajua kwamba zile wiki alizonyimwa zilikuwa na kazi yake. Kitoto cha mbwa hukaa na mama na ndugu zake mpaka wiki ya nane, na katika kuchezacheza kwao ndipo anapojifunza kupima nguvu ya taya zake. Akimng'ata ndugu yake kwa nguvu, ndugu hulia na mchezo huishia hapo. Kisha, kuanzia kama wiki ya 3 hadi ya 14, hupokea vitu vigeni kwa wepesi ambao hatakuwa nao tena: watoto wanaokimbia, mzee mwenye fimbo, pikipiki, mwavuli, mwanamke aliyebeba ndoo kichwani. Asichokizoea katika siku hizo, akikua hukitilia shaka. Sisi tuliambiwa asitoke nje mpaka amalize chanjo za parvo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo wa mbwa, nazo huendelea hadi wiki ya 16. Ni ushauri wa kweli, kwa maana parvo huua vitoto vingi. Ila sisi tulimfungia kabisa. Akakua akituona sisi, ukuta na anga. Ningeweza kumbeba mikononi kila jioni nikasimama naye getini robo saa, akawaona watu bila kukanyaga chini. Hakuna aliyeniambia, nami sikuuliza.

Boerboel si mbwa mbaya. Nililisema hilo mbele ya mama wa yule mtoto, na ninalisema tena hapa. Ni mbwa aliyekuzwa na wakulima wa Kikaburu huko Afrika Kusini kutokana na mbwa wakubwa waliokuja na walowezi kutoka Ulaya, akakuzwa kwa maisha ya namna moja: shamba kubwa, nyumba moja katikati, jirani yuko mbali. Dume mzima huwa na kilo 65 mpaka 90. Kutwa alizunguka na mwenye shamba, usiku alilala karibu na familia, na akija mnyama mkali au mtu asiyejulikana, kazi yake ilikuwa kumzuia mpaka mwenye nyumba afike. Hapo naomba msomaji asipapite haraka. Mbwa huyu anatarajia mwenye nyumba afike. Kwetu Goba mwenye nyumba yupo njiani Lubumbashi, na mkewe yupo darasani akifundisha hesabu.

Tena huko shambani mgeni ni tukio. Kwetu ni kila dakika. Likizo ya Juni niliwahi kukaa kibarazani nikahesabu waliobisha geti letu kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni. Walikuwa 23. Muuza maji mara mbili, mama wa mboga, kijana wa taka, fundi aliyekosea nyumba, mjumbe na karatasi ya mchango, muuza dagaa, watoto wa kuomba mpira wao uliovuka ukuta, wanafunzi wangu wawili, na wengine wa kuazima na kurudisha vitu, maana ndivyo tunavyoishi. Mbwa aliyeumbwa kumtilia shaka kila asiye wa nyumbani, mara 23 kwa siku, na hakuna mtu wa kumwambia kwamba huyu ni mwema, mwache apite. Baada ya mwaka mmoja wa hayo, Bosko alikuwa akisimama wima akisikia tu viatu barabarani.

Aliyekuwa naye kutwa ni binti aliyetusaidia kazi za nyumbani, mzaliwa wa Singida, umri miaka 19. Hakuwahi kufuga mbwa. Alipokuja kwetu Bosko alikuwa tayari na miezi minne, na siku ya kwanza binti alipanda juu ya kiti. Hatukumuuliza kama anaweza. Tulimwonyesha sufuria ya mbwa kama tulivyomwonyesha ufagio na beseni la kufulia. Yeye ndiye aliyempikia ugali wa dona na mapupu, yeye ndiye aliyemtoa kupe masikioni kwa vidole vyake, yeye ndiye aliyemfunga mnyororo chini ya mwembe kila alfajiri nikitoka, na kumfungua saa moja usiku. Ndivyo mtaa mzima unavyofanya, eti mbwa asizoee watu ili awe mkali. Ukali huo hauchagui mwizi. Mbwa aliyefungwa mnyororo kutwa huona kila kinachopita asiweze kukifikia wala kukikimbia, na siku mnyororo ukilegea hutoka na hasira na hofu yote aliyoirundika.

Banda lake lilikuwa la mabati. Saa nane mchana wa Februari ukiliegemea unaungua. Mwembe ulimpa kivuli asubuhi, lakini jua likigeuka kivuli kinahama, na mnyororo haukufika kilipohamia. Yule binti aliliona hilo kabla yetu. Bila kuambiwa na mtu, akaanza kumhamisha kila siku ifikapo saa nne, kutoka mwembeni kwenda upande wa choo cha nje, ambako ukuta una kivuli.

Ilikuwa Jumanne ya Mei 2023. Muuza maji alikuwa ametoka punde, na geti halikurudishiwa komeo. Mtoto wa jirani, miaka sita, hakwenda shule siku hiyo kwa sababu alikuwa anamalizia dawa za malaria. Mama yake akamtuma aturudishie sufuria. Akaisukuma geti kwa bega, sufuria mikononi, mfuniko ukigonga juu yake kila hatua. Binti alikuwa katikati ya uwanja na mnyororo mkononi, anamhamisha Bosko kivulini.

Sikuwepo. Nililoambiwa na waliofika ni kwamba binti hakuuachia mnyororo. Alivutwa juu ya sakafu ya saruji kutoka kwenye karo mpaka getini, magoti na viganja vikachunika, na bado alikuwa ameushika. Bosko alimkamata mtoto mkono wa kushoto, chini ya kiwiko. Hakumtafuna. Alimkamata akasimama hivyohivyo, kama aliyekuwa akisubiri. Mpaka leo nikifikiria hilo silali. Mbwa wa watu alikuwa anafanya alichozaliwa kufanya, anasubiri mwenye nyumba. Binti akapiga yowe, mama wa mtoto akaja mbio na ndoo ya maji, akammwagia Bosko usoni, naye akamwachia mtoto.

Aliyeokoa siku ile zaidi ya wote ni mzee wa nyumba ya tatu. Ni mzee wa msikitini, mtu ambaye kwa mwaka mzima alikuwa akivuka upande wa pili wa barabara alfajiri ili mate ya mbwa wetu yasimguse kanzu, kwa kuwa kwa madhehebu yake mate hayo ni najisi, na yakigusa inampasa kuosha mara saba, moja kwa udongo. Hakuwahi kutulalamikia, na mimi sikuwahi kumwomba radhi. Siku hiyo alimbeba mtoto mpaka kwenye bomba la nje, akaomba sabuni ya kipande, akamwosha jeraha chini ya maji yanayotiririka huku akitazama saa yake. Dakika kumi na tano kamili. Watu walikuwa wanapiga kelele apelekwe hospitali sasa hivi, kuna aliyekuja na unga wa kahawa wa kuweka juu ya kidonda. Mzee akakataa, akasema kwanza maji na sabuni, kisha hospitali. Daktari alipoelezwa alimshukuru kwa mbali, kwa sababu kuosha hivyo ndiko kunakoondoa virusi vingi vya kichaa cha mbwa kabla havijaingia kwenye mishipa ya fahamu. Naomba, Mhariri, hata kama utaikata barua hii, hapo pasikatwe.

Nilipofika nyumbani nilitafuta kadi ya chanjo kwenye droo huku mikono ikitetemeka. Chanjo ya kichaa cha mbwa ilikuwa imekwisha muda wake wiki tano nyuma. Inachanjwa kila mwaka, na mimi, mtu ninayeweka mahudhurio ya wanafunzi 90 bila kukosea, ilinipita. Mtoto akaanza sindano siku hiyohiyo, akarudi siku ya tatu, ya saba, na kuendelea kama ratiba ilivyotaka. Bosko akafungiwa bandani siku kumi chini ya uangalizi wa daktari wa mifugo, maana mbwa aliyemuuma mtu akiwa tayari anatoa virusi kwenye mate, ndani ya siku hizo kumi huonyesha dalili au hufa. Siku kumi hizo nilizihesabu kwa saa. Kila asubuhi mama wa mtoto alikuja, hasemi neno, anachungulia bandani kuona kama mbwa anakunywa maji, anaondoka. Alikuwa na haki. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, na katika kila watu mia wanaoupata, 99 wameupata kwa mbwa. Dalili zikishajitokeza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona.

Bosko alimaliza siku kumi akiwa mzima. Mtoto alipona, akabaki na kovu la matundu manne.

Siku ya kumi na moja daktari alitaka kujua uzito wa mbwa ili ampe dawa ya minyoo kwa kipimo sahihi. Tukampeleka duka la vyakula vya mifugo, kwenye mizani ya kupimia magunia ya pumba. Bosko alikuwa na miezi kumi na sita. Kilo 61. Daktari akaandika. Kisha akamgeukia yule binti, viganja vyake bado vina bandeji, akamwomba naye apande. Mizani ikasoma 49. Daktari akanitazama, akauliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, huyu ndiye mnayemwachia amshike?"

Sikuwa na jibu, na hilo ndilo linalonifanya niandike. Watu wanapofikiria mbwa mkubwa humtazama mbwa: kichwa, kifua, kilo, rangi, ukoo. Makala yenu nayo ilifanya hivyo. Mimi nasema watazame kwanza nyumba yao, na ndani ya nyumba wamtazame yule mnyonge kuliko wote ambaye atabaki na mbwa mlango ukifungwa. Ni bibi mwenye fimbo? Ni dada wa kazi wa miaka 19? Ni mtoto wa darasa la tano anayerudi shule saa tisa kabla ya wakubwa? Huyo ndiye mwenye mbwa. Mbwa akimvuta akaanguka, akimwita asisikilize, akiwa anamwogopa, basi mbwa huyo hana mwenyewe kwa saa kumi na mbili za kila siku, hata kama baba wa nyumba ni baunsa.

Na aulizwe. Sisi tuliketi mezani mimi na mume wangu tukaamua, na binti akaja kuambiwa. Baadaye aliponisimulia kwamba kila asubuhi aliomba dua kabla ya kwenda kumfunga Bosko, nilijisikia vibaya kuliko siku ya ajali. Alikuwa na hofu mwaka mzima ndani ya nyumba yangu, nami nikadhani ameshazoea kwa sababu alikuwa ananyamaza. Mshahara wake ulikuwa wa kazi za ndani na watoto. Kumlea mnyama wa kilo 61 hakukuwamo, na hatukumwongezea hata senti.

Yako mengine tuliyoyajua tumechelewa, nitayataja kwa haraka. Chakula: alipofikisha mwaka, unga, mapupu na dagaa vilikuwa havishuki laki moja na elfu thelathini kwa mwezi, kabla ya chanjo, dawa ya minyoo na dawa ya kupe. Tulimpa mlo mmoja mkubwa usiku kisha tunamfungua akimbie, bila kujua kwamba mbwa wenye kifua kirefu cha namna hiyo wanaweza kujaa gesi na tumbo likajipinda, wakafa kwa saa chache. Wanatakiwa kula kidogokidogo, mara mbili au tatu, na kupumzika baada ya kula. Mifupa na viungo vyao havikomai mpaka kama mwaka mmoja na nusu, hivyo kumkimbiza nyuma ya pikipiki akiwa na miezi sita, kama wafanyavyo vijana wa mtaani, ni kumharibu nyonga. Na huzeeka mapema, wengi hawavuki miaka kumi au kumi na moja. Kuhusu wizi wenyewe, mezani tuliisahau sumu. Kipande cha nyama yenye sumu kikirushwa juu ya ukuta humuua mbwa wa laki nane kama kinavyomuua mbwa koko.

Bosko yuko hai. Wapo waliotaka apigwe risasi, na mume wangu kwa simu kutoka Kapiri Mposhi, Zambia, alisema tufanye watakavyo majirani. Daktari wa mifugo ndiye aliyetuunganisha na mzee mmoja mstaafu mwenye shamba la ekari sita huko Kisarawe. Nilidhani atakuja na gari amchukue. Alikuja mara tatu bila kumchukua. Mara ya kwanza alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mbali na banda, saa nzima, bila kumtazama mbwa usoni. Mara ya pili alikuja na mkewe na kijana wa shamba, akawataka nao wakae vilevile, kisha akawauliza mmojammoja, mbele yangu, kama wako tayari. Mkewe alisema yuko tayari kwa sharti kwamba wajukuu wakija likizo mbwa awe kwenye uzio wake, na kitasa kiwe juu, mtoto asikifikie. Kijana alisema anaogopa kidogo. Mzee akamjibu kwamba kuogopa kidogo ni vizuri, lakini wangeanza wote watatu kwa kumlisha, kila mmoja na siku yake, ili mbwa asije akadhani ana bwana mmoja.

Mara ya tatu ndipo alipoondoka naye. Nilikwenda kumtembelea baada ya miezi minne. Nilimkuta anatembea nyuma ya mzee kati ya mikorosho, mnyororo hakuna, amefungwa mkanda mpana wa ngozi, ulimi nje. Uzio una mageti mawili, la pili halifunguliwi mpaka la kwanza lifungwe. Nilipoingia alinijia, akaninusa viatu muda mrefu, akaegemeza kichwa chake kizito kwenye paja langu akakiacha hapo. Nililia, sioni aibu kusema. Ni mbwa yuleyule. Kule wenye mbwa wapo saa nne asubuhi.

Kwa hiyo sisemi watu wasifuge. Wala siombi Serikali ipige marufuku mbegu fulani, kama Denmark ilivyomweka boerboel kwenye orodha yake mwaka 2010, au kama England na Wales ambako tangu tarehe 1 Februari 2024 ni kosa kuwa na XL Bully bila kibali maalumu. Kwetu ukipiga marufuku jina, wauzaji watabadilisha jina, na boksi la mafuta litaendelea kupita na bodaboda. Sheria yetu ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 tayari inamtaka mwenye mnyama amtunze ipasavyo. Ninaloomba kwa gazeti lako ni dogo. Mkiandika tena kuhusu mbwa wa mbegu, nendeni nyumbani kwa watu asubuhi ya siku ya kazi, mhojini anayemlisha. Na kila Septemba inapokaribia, kabla ya tarehe 28 ambayo ni siku ya kichaa cha mbwa duniani, mtangaze wapi chanjo zinatolewa, kwa herufi kubwa kama za ile picha.

Kwetu sasa tuna mbwa jike wa kienyeji, kilo 17, tuliyempata kwa jirani tukiwa tumemjua mama yake miaka mitatu. Kadi yake imebandikwa ukutani juu ya jiko. Usiku akibweka, taa ya nje inawaka, na mzee wa nyumba ya tatu naye anawasha yake. Yule binti alirudi Singida mwaka jana kuolewa. Aliyekuja baada yake alimchagua mbwa pamoja nasi.

Mwezi uliopita mwalimu mwenzangu aliahidiwa na shemeji yake kitoto cha Rottweiler. Ni mjane, ana watoto wawili na dada wa kazi, na ukuta wa nyuma hajaumaliza. Nilimsimulia haya yote, nikamsihi asikichukue kabla ya kwenda kumwona mama wa hicho kitoto, na asiende bila yule dada. Wakaenda Jumamosi, huko Kibamba. Shemeji akamtoa jike, mbwa mtulivu, manyoya yanang'aa, akampa dada mkanda ashike, watembee naye mpaka getini na kurudi. Wakatembea vizuri. Wakati wa kurudi kuku akakatiza. Mbwa aliruka mara moja tu, na dada akajikuta hatua nne mbele, kandambili moja imebaki nyuma. Hakuanguka. Akamrudishia shemeji mkanda kwa mikono miwili, akasema, "Mama, mbwa ni mzuri sana. Lakini mimi simwezi."

Mwenzangu alinisimulia Jumatatu kwenye chumba cha walimu, huku akinakili kwenye simu yake namba ya fundi wa kuchomelea aliyetuwekea sisi nondo mpya za dirisha la jikoni.

Wako,
Mwalimu,
Goba, Dar es Salaam